Kengele ya Chai

Wanangu, mkija kunitembelea hapa Likoni asubuhi mtanikuta nimekaa na kikombe cha chai mkononi na sinywi. Mke wangu amezoea. Huniwekea chai mezani, hunitazama kidogo, halafu huenda zake jikoni akijua itapoa. Ikifika saa nne hivi mimi huwa sipo hapa. Huwa niko Al Quoz, Dubai, mbele ya ukuta wa mabati unaometameta, jua linapanda, na king'ora kinalia.

Miaka yangu mingi ya Dubai niliitumia kutengeneza vitu vinavyolia. Ving'ora vya moto, vya gesi, vya milango, na kwa miaka michache kile kimoja cha mionzi ambacho ndicho kinachonirudisha huko. Nasikia wawili watatu kati yenu mmeshapata karatasi za kwenda Ghuba kwa kazi hii hii. Mmoja ameniandikia kuniuliza abebe spana gani. Mwanangu, spana utazikuta. Kaa nikwambie ambayo hutayakuta.

Anza na hili: kabla hujafungua kifaa chochote, muulize mtu wa ufagio. Nilipokuwa nahudumia hoteli moja kule Al Mankhool, king'ora cha moto cha ghorofa ya tano kililia kila Alhamisi baada ya alasiri. Nilibadilisha vifaa vitatu vya kunusa moshi. Nilipanda ngazi, nilishuka ngazi, nilifungua dari mpaka nywele zikawa nyeupe kwa vumbi la jasi. Wiki ya nne nikamkuta dada mmoja wa usafi, Mganda, ameegemea toroli lake la mashuka, ananitazama kwa huruma.

"Ssebo, leo ndiyo umekumbuka kuniuliza?" akasema. "Chumba cha mwisho, yule madam anafukiza nguo zake udi ndani ya kabati. Anafunga mlango wa kabati ili moshi usitoke. Alhamisi anatembelewa na dada zake."

Udi mzuri sana, tena. Nilipofungua lile kabati nilisimama pale nikausahau ufundi. Harufu ilinichukua mpaka harusini kwa dada yangu, nikiwa mdogo, nimekaa chini ya meza nala haluwa ya wizi. Tulihamisha kile kifaa kutoka juu ya kabati, madam akaendelea kunukia, na hoteli ikapumzika.

Lakini hiyo hoteli ilikuwa baadaye. Mnisamehe, mambo ya Dubai hayanijii kwa foleni. Yanakuja jinsi yapendavyo, hili limebeba lile mgongoni, na mengine sina hakika kama niliyaona au niliyaota kwenye basi la kampuni asubuhi, kichwa kwenye kioo, nje kweupe tupu.

Ninayemkumbuka bila ukungu wowote ni Mzee Nassor. Alikuwa karani wa usalama katika kampuni niliyofanyia kazi Al Quoz miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Wazee wake walitoka Unguja zamani wakaweka makao Dubai, na yeye alizaliwa na kukulia Al Baraha. Kiarabu cha Ghuba alikizungumza kama wenyewe, lakini akiwa na sisi alirudi kwenye Kiunguja chake cha nyumbani, taratibu, hana haraka na neno. Kazi yake ilikuwa kulinda daftari. Kila kifaa cha tahadhari kwenye kampuni kilikuwa na ukurasa wake, na mimi kila asubuhi nilipaswa kuandika hali yake na kutia sahihi, kisha yeye apige muhuri.

Mwezi wangu wa kwanza king'ora cha ghala kilianza kutoa sauti ya kikohozi. Nikapanda, nikaangalia ndani ya tarumbeta lake, nikakuta njiwa amejenga. Nikashuka kwenda kwenye daftari, nikaanza kuandika kitaalamu.

"Umeona nini huko juu?" akaniuliza Mzee Nassor.

"Kiota, ami. Na mayai mawili."

"Sasa hapa unaandika nini?"

"Hitilafu ya umeme."

Akavua miwani. "Umeme umetaga, Bakari?"

Nikaandika kiota. Nikaandika mayai mawili. Meneja alipopitia daftari alicheka mpaka akakohoa kuliko king'ora chenyewe, nami niliona haya wiki nzima. Ila jambo moja lilitokea: kabla ya wiki kwisha, kila king'ora cha nje kilikuwa kimewekewa wavu. Nimeandika hitilafu za umeme mara ngapi katika maisha yangu, na hakuna aliyewahi kuinuka kitini kwa ajili yake.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya kukagua mabomba ya chuma. Watu wa viwanda na mitambo walileta mabomba yaliyochomelewa, sisi tukaangalia kama uchomeleaji una mapovu ndani. Na jicho halioni ndani ya chuma. Kwa hiyo kulikuwa na chumba cha zege chenye kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu, na ndani yake sanduku zito tuliloliita kamera. Ndani ya kamera mlikuwa na kidonge cha chuma chenye mionzi, kidogo kuliko punje ya mchele, kimefungwa kwenye ncha ya waya. Mpiga picha anasimama nje ya ukuta, anazungusha mpini, waya unakisukuma kidonge kipite kwenye bomba la mpira mpaka kwenye chuma kinachopimwa. Mionzi inapenya chuma na kuacha alama kwenye filamu iliyobandikwa upande wa pili. Halafu unazungusha mpini kinyume, kidonge kinarudi kulala.

Kikiwa nje, king'ora kinalia na ni marufuku kufungua mlango. Kikirudi, kimya, na kwa kile kimya ndipo mtu anaingia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote. Mionzi haina harufu wala joto wala rangi, wanangu. Unaweza kusimama ndani yake ukaimba. Kitu pekee kilichokuwa na uwezo wa kuisikia mle ndani ni kile kifaa changu ukutani, na kwa sababu hiyo nilikitunza vizuri kuliko nilivyotunza meno yangu.

Mpiga picha mkuu alikuwa Rama, kijana wa Majengo, Mombasa. Nasema kijana, lakini alikuwa na mke na mabinti wawili. Ni mdogo kwangu tu. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Alikuwa akibandika filamu kwenye bomba bila kukunja hata pembe moja, na alipokuwa hana kazi alikata karatasi za zamani kwa wembe, akatengeneza maua ya kuwapelekea mabinti zake akienda likizo. Nimeona waridi alilolikata lenye majani yenye mishipa. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja, na nilimwambia hivyo siku moja tu, nimechelewa.

Joto lilipoanza mwaka mmoja, na usiku kukawa na unyevu wa kulowesha shati, king'ora kikaanza kulia saa nne asubuhi kidonge kikiwa kimelala. Saa nne kinaanza, saa nne na nusu kinanyamaza chenyewe. Siku ya kwanza tulikimbia wote. Siku ya pili tulitembea. Siku ya tatu nilikwisha kupata sababu. Nje, kwenye ukuta wa mashariki uliofunikwa mabati, palikuwa na kijisanduku cha maungio ya waya, na fundi wa kabla yangu aliunga kwa tepu. Usiku umande uliingia. Saa nne jua lilivuka paa la karakana ya jirani likaufikia ule ukuta, maji yakageuka mvuke ndani ya kijisanduku, waya zikanong'onezana uongo, na ukikauka mvuke zikaacha. Nilifungua nikakuta shaba imekuwa kijani. Nikafunga tepu mpya, nikapaka silikoni. King'ora kikanyamaza siku mbili, kisha kikarudia.

Dawa ilikuwa kuvuta waya mpya kupitia ukutani, na hiyo ilitaka chumba kifungwe. Nikaenda kwa meneja.

"Sir, waya umeoza. Nipe siku mbili."

"Siku mbili? Fundi, hujaona malori nje? Mteja anapiga simu kila saa. Next month, inshallah."

"Na kwenye daftari niandike nini?"

Akafikiri, akakuna shavu. "Inalia?"

"Inalia, sir."

"Basi si inafanya kazi? Write OK. Khalas."

Nilicheka. Hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko yote, kwamba nilicheka. Nikaenda kwenye daftari nikaandika: sawa. Msije mkasema nilishikwa mkono. Kweli visa yangu ilikuwa chini ya arbab, mwenye kampuni, na ukipoteza kafeel, mdhamini wako, umepoteza kitanda. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilichoka kubishana, kulikuwa na joto, na neno sawa ni fupi.

Rama ndiye aliyekipa jina. "Kengele ya chai hiyo!" alipiga kelele asubuhi moja kilipoanza kulia, na tangu siku ile tukawa na mapumziko ya chai yanayotangazwa na mtambo wa mionzi. Wachomeleaji wa karakana ya jirani walizima mashine zao waliposikia. Kijana wa kafeteria alivuka barabara na birika la karaki, chai ya maziwa, bila kuitwa. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa zege, kwenye ndoo zilizopinduliwa, watu wa kila nchi, tunapuliza vikombe huku king'ora kikilia juu ya vichwa vyetu, nasi hatukisikii tena. Ule mwanga wa Al Quoz saa zile huwa mweupe mpaka vitu vinapoteza kingo zake. Mabomba yalionekana kama yanaelea. Mtu anazungumza, unaona mdomo, unasikia kile kilio, na yote ni amani. Nikiota siku hizi naota hapo, na katika ndoto tumefurahi sana.

Mzee Nassor naye alikuja na glasi yake. Siku moja, baada ya kupiga muhuri, aliniuliza: "Hii sawa yako, Bakari, imetoka sikioni kwako au mdomoni kwa meneja?"

"Inalia, ami. Si inafanya kazi?"

"Mie nimekuuliza jambo jengine."

Akafunga daftari, akachukua glasi yake, tukaenda kunywa chai. Wiki zikapita hivyo. Sita, ikaingia ya saba.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, nanyi mtakaofanya kazi hii mlichukue neno hili. Siku ile ilikuwa ya upepo wa kaskazini, ule mkavu wenye vumbi. Usiku wake hakukuwa na umande. Shati nililoanika lilikauka kabla sijalala. Asubuhi mbingu ilikuwa rangi ya tangawizi na jua lilionekana kama sahani nyuma ya pazia. Fundi mwenye akili angejua: leo hakuna maji kwenye kijisanduku, na ukuta haujapata jua. Leo hakuna kengele ya chai. Mimi nilijua yote hayo na sikuyakutanisha kichwani.

Saa nne kasoro kidogo Rama alitoa kidonge kupiga bomba moja kubwa. King'ora kikalia, kama inavyotakiwa. Baada ya muda wake akazungusha mpini kukirudisha. Mpini ukagota, naye akadhani kimefika. Hakikufika. Kilikwama ndani ya bomba la mpira, nje ya kamera. King'ora kikaendelea kulia, na saa ya ukutani ikawa imepita saa nne.

"Fundi, chai ndiyo hiyo!" akaniambia. "Nimiminie, naweka filamu moja nakuja, manze usinimalizie."

Alipaswa kuingia na mita ya mkononi, ile yenye sindano ya kupima. Aliiacha mezani kwa sababu mikono miwili ilikuwa imebeba filamu mpya. Mfukoni alikuwa na kile kidude kidogo kinachopiga kelele kama panzi kikisikia mionzi. Kilipiga kelele, bila shaka kilipiga, lakini nani angekisikia chini ya kile kilio kikubwa? Akafungua mlango. Akaingia. Kwa mkono wa kulia akalishika lile bomba la mpira, akalisogeza pembeni, akalishikilia huku akibandika filamu kwa namna yake ya uangalifu, bila kukunja pembe. Akatoka, akafunga, akaja kuketi kwenye ndoo kando yangu.

Nilimwona akiingia. Nilikuwa namimina chai.

Tulikunywa. Tuliongea habari za timu ya mpira, nafikiri. Saa nne na nusu watu wakainuka, wachomeleaji wakarudi kwao, mashine zikaanza. Mimi nikabaki nimekaa na birika tupu, na kuna kitu kilikuwa kinanisumbua kwa mbali, kama unapoota na ukajua unaota. Ikachukua muda kukipata. King'ora kilikuwa bado kinalia.

Nikatazama saa. Saa nne na dakika arobaini. Nikatembea mpaka ukuta wa mashariki, nikauwekea mgongo wa mkono, maana mgongo wa mkono unahisi joto kuliko kiganja. Mabati yalikuwa ya baridi. Nikafungua kijisanduku. Kikavu kama unga.

Nikarudi, nikachukua mita mezani. Hatua tano kabla ya mlango, sindano ikaanza kuinuka. Hatua moja zaidi, ikalala upande wa pili wote.

Nilipiga ukelele ambao sijaupiga tena maishani. "Tokeni! Tokeni wote nje, yalla, tokeni!" Watu walinitazama kwanza. Walizoea mno. Ilibidi niwasukume. Rama alisimama uwanjani na filamu nyingine kwapani, uso una tabasamu ambalo halijapata habari. Akatazama mlango. Akanitazama mimi na ile mita. Halafu akauinua mkono wake wa kulia akautazama, pande zote mbili, na haukuwa na kitu.

Wataalamu walikuja mchana huo na vyombo vyao virefu wakakirudisha kidonge ndani. Rama alipelekwa hospitali, akatolewa damu, akarudi jioni akisema yuko poa. Madaktari walimwambia mkono utazungumza baada ya siku, si sasa.

Alasiri ile ile meneja aliniita. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue. Alikuwa mtu mwenye hofu, jasho limemtoka ndani ya kiyoyozi.

"King'ora kililia?"

"Kililia, sir."

"Daftari linasema ni kizima kwa wiki saba?"

"Ndiyo, sir."

"Basi. King'ora kizima, mtu amefungua mlango kikilia. Ni kosa lake. Wakaguzi wa serikali wanakuja kesho asubuhi, wataona daftari, imekwisha. Rama tutamkatia tiketi wiki hii. Wewe nenda safisha kumbukumbu ya panel, tuanze upya."

Nilitoka pale nikaenda kwenye panel. Panel ni lile sanduku la king'ora lenye kioo kidogo. Lilihifadhi kila mlio, siku na saa. Nilisimama mbele yake, nikabonyeza, na orodha ikaanza kupita. Saa nne. Saa nne. Saa nne na dakika mbili. Saa nne. Wiki saba za chai yetu, zote ziko pale, kwa herufi za kijani. Kuna kitufe kimoja, ukikishikilia mpaka uhesabu tano, yote yanafutika. Hakuna mwingine aliyejua kipi. Kidole changu kilikuwa juu yake. Sitawadanganya, kilikuwa juu yake.

Mzee Nassor alikuja bila kuitwa, daftari kwapani. Akatazama kioo, akatazama kidole.

"Ukifuta hiyo," akasema, "Rama ataondoka na kosa lako na mkono wake. Utakapovimba atakuwa kwao, daktari atamuuliza umeungua na mafuta? Hapa hatotibiwa na mtu, kwa sababu karatasi itasema kajitakia."

"Na mimi je, ami? Jina langu liko kila ukurasa."

"Lipo. Na muhuri wangu upo kila ukurasa. Na chai nimeinywa." Akalifungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akaliweka juu ya panel, akavua miwani yake kama siku ile ya njiwa. "Umeona nini, Bakari?"

Niliogopa. Nilimfikiria mke wangu, paa la nyumba hii mnayoiona, ada za watoto. Nililia, kama mtu mzima anavyolia, bila sauti. Kisha nikaandika. Niliandika kwamba waya umeoza tangu siku ya tatu na mimi nilijua. Kwamba niliomba siku mbili nikanyimwa, nikanyamaza. Kwamba kila mahali nilipoandika sawa kwa wiki saba hapakuwa sawa. Kwamba watu walizoezwa kunywa chai king'ora kikilia, na Rama aliingia kwa sababu tulimfundisha sisi kwamba saa nne hakina maana. Na kwamba nilimwona akiingia. Nikatoa ile orodha kwenye karatasi ya panel, ndefu kama utambi, nikaikunja ndani ya daftari. Mzee Nassor akapiga muhuri. Asubuhi alilikabidhi kwa wakaguzi kwa mikono yake miwili kabla meneja hajamaliza kuwakaribisha viti.

Yaliyofuata kwangu ni mafupi. Nilifukuzwa. Mzee Nassor alistaafishwa, akanichukua nyumbani kwake Al Baraha, nikalala sebuleni kwake miezi kadhaa, nikila wali wake huku nikishindwa kumtazama mkewe usoni, mpaka akanipatia kafeel mwingine, wa zile hoteli. Chumba kikavutiwa waya mpya. Ilichukua siku moja na nusu.

Rama hakukatiwa tiketi. Wakaguzi walisoma, na karatasi ikasema kazi ndiyo iliyomwumiza. Wiki ya tatu mkono ulizungumza: ukawa mwekundu, ukavimba, ngozi ya vidole ikafunguka. Alilazwa hospitali ya watu wanaojua jeraha la namna hiyo. Nilikaa siku nyingi kabla ya kwenda kumwona. Nilipokwenda, alikuwa amesomewa lile daftari.

Alikuwa kitandani, mkono umefungwa mpaka kiwiko. Hakunisalimu.

"Fundi, ile kitu ulikuwa unajua imeharibika?"

"Nilijua."

"Since lini?"

"Siku ya tatu."

"Na mimi uliniona nikiingia."

"Nilikuona, Rama. Nilikuwa nakumiminia chai."

Akageuza uso dirishani. Nilimwambia kwamba nampenda kama ndugu, na maneno yalisikika ya kijinga mle ndani. Kiyoyozi kilivuma, mwanga mweupe umejaa chumba kizima, mpaka sikujua tena ni saa ngapi wala ni siku gani. Kisha mhudumu akaingia na toroli, akaweka kikombe cha chai mezani upande wa kulia, akatoka. Rama alikitazama. Akajaribu kukifikia kwa mkono wa kushoto, akashindwa.

"Nishikie basi," akasema.

Nikamshikia. Akanywa taratibu, mpaka mwisho, macho ameyafumba. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema.

Yuko Mombasa sasa, ana duka la vifaa vya shule, na huvuka feri kunitembelea mara moja moja. Madaktari waliuokoa mkono. Walichokata ni ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati. Mambo ya maua ya karatasi hayapo tena. Akifika hapo mlangoni hunipa mkono wa kulia, kila mara huo huo, nami huushika kwa muda. Nasikia kwenye kiganja changu pale vidole vinapoishia kabla ya mahali pake, na ninajua ni nani aliyepaandika, kwa lile neno lake fupi, sawa.